Mwalimu Wangu wa Helikopta Aliniomba Msamaha kwa Kosa Langu

Nina miaka hamsini na moja. Nina mke mmoja, watoto watatu ambao wote sasa wanajitegemea, na duka la vifaa vya ujenzi hapa Kashai, mjini Bukoba. Nyumba yangu iko Kagondo. Nina miguu miwili mizima...

Nataja miguu kwa sababu yupo mtu kule Rubya, wilayani Muleba, anayetembea kwa magongo kwa sababu yangu.

Jina langu naomba nilifiche. Si kwamba naogopa kujulikana, maana hapa Bukoba kila mtu amekwisha kunijua! Nalificha kwa ajili ya wanangu. Niiteni Baba Asimwe. Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa ya wengine kwa miaka mingi, nikitikisa kichwa na kusema, "Huyu naye alikuwa na akili gani?" Leo ni zamu yenu kunitikisia kichwa.

Nilipokuwa darasa la nne kule Muleba, helikopta ilitua karibu na shule yetu. Ilikuwa imemleta mgombea fulani wakati wa kampeni. Shule nzima tulikimbia, mwalimu akabaki darasani peke yake na chaki mkononi. Ile hotuba sikuisikia hata neno moja. Nilikuwa namtazama rubani, miwani myeusi usoni, amekaa kimya ndani ya kile chombo kama vile dunia haimhusu.

Tangu siku hiyo nilitaka kuwa yeye. Maisha yakanipeleka kwingine: nikauza kahawa, nikauza mabati, nikajenga, nikasomesha. Nikafika miaka arobaini na tisa, watoto wametoka nyumbani, nikajiuliza... sasa mimi nimebakiza nini cha kufanya kwa ajili ya nafsi yangu?

Hapo ndipo niliposikia habari za Kapteni Laurean.

Kapteni Laurean ni mwenyeji wa Rubya. Alirusha helikopta kwa zaidi ya miaka thelathini, huko na huko, kisha akastaafu na kurudi nyumbani kwenye kibanja cha baba yake, yaani shamba la migomba la familia. Kulikuwa na mwenye shamba mmoja wa Muleba, mtu anayeishi nje ya nchi, mwenye helikopta ndogo ya viti viwili. Alimkabidhi Kapteni aitunze, na akamruhusu afundishie watu wachache waliotaka kujifunza kwa kujifurahisha. Ilihifadhiwa kwenye banda la mabati pembeni ya rweya, ule uwanda mpana wa majani usio na migomba wala nyumba, mahali ambapo hata ukikosea hutamwangukia mtu.

Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza hakunigusisha hata mlango wa helikopta. Alinizungusha nje kwa saa nzima. Akanionyesha panga dogo la mkiani, akasema likizunguka halionekani, na kwamba limeua watu waliokuwa wameshashuka salama. Akanifundisha kuikaribia kwa mbele tu, ambako rubani anakuona. Akaniambia kwamba ndani kuna viongozeo viwili, vyangu na vyake, na vyote vinafanya kazi kwa pamoja.

"Sasa sikiliza vizuri, Baba Asimwe," alisema. "Nikisema 'Naongoza mimi,' unaachia kila kitu. Mikono juu ya mapaja. Unajibu, 'Ongoza wewe.' Hatubishani angani. Tumeelewana?"

Nikamwambia tumeelewana. Tulifanya zoezi hilo mara ishirini tukiwa chini, injini imezimwa, mpaka nikaona kama ananifanya mtoto.

Kisha akanituma kwa daktari.

Wasomaji wenzangu, hapa ndipo aibu yangu ilipoanzia. Nina kisukari. Niligundulika nikiwa na miaka arobaini na tano, na kila siku nilikuwa nameza vidonge vya kushusha sukari. Daktari anayepima watu wanaotaka kurusha vyombo vya anga alikuwa mbali, nikasafiri kwenda kumwona. Alikuwa na fomu ndefu. Una shinikizo la damu? Una kifafa? Una kisukari? Unatumia dawa yoyote?

Kwani ningesema ukweli ingekuwaje? Labda wangenikatalia. Labda wangenipa masharti, wakanibadilishia dawa, wakanifuatilia, kisha wakaniruhusu. Mpaka leo sijui, kwa sababu sikuwapa nafasi ya kuamua! Nilikuwa nimejiandaa kwa siku tatu, nakula kidogo sana na kumeza dawa kwa uangalifu, ili mkojo wangu usinifichue. Nikaandika Hapana, Hapana, Hapana. Nikatia sahihi.

Karatasi ikatoka safi. Nikarudi Bukoba nikiwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Si mtu wa kudanganywa kirahisi. Aliniuliza, "Na kisukari, daktari amesemaje?" Nikamwambia daktari anajua kila kitu, amesema hakina tatizo kwa mtu anayejitunza kama mimi. Akanitazama kidogo... kisha akaamini. Miaka ishirini na mitano ya ndoa, aliamini!

Kwa hiyo nilikuwa nimemdanganya daktari, nimemdanganya mke, na nilikuwa naenda kumdanganya mwalimu.

Kapteni alikuwa na maswali matatu ambayo hakuyaacha hata siku moja. Kabla ya kuruka alisimama mbele yangu, akanitazama machoni, akauliza: "Umelala? Umekula? Umemeza dawa yoyote?" Na kila siku nilijibu bila kupepesa macho: nimelala, nimekula, sijameza. Ilifika wakati nikawa najibu kabla hajamaliza kuuliza. Yeye alicheka tu, akasema, "Laiti wanafunzi wangu wengine wangekuwa kama wewe!"

Kashai walikwisha kunibatiza jina, Mzee wa Helikopta. Bodaboda wakiniona wanapiga honi na kuzungusha mkono juu ya kichwa kama mapanga. Nilijidai sana. Watu wa mikoa mingine wanatutania sisi Wahaya kwamba ni nshomile, watu wa kujiona. Mimi niliufanya utani huo kuwa kweli. Kila aliyeingia dukani kununua misumari alitoka na habari za helikopta.

Kulikuwa na onyo moja, na nalieleza hapa kwa sababu sitaki mtu aseme kwamba nilishtukizwa. Wiki moja kabla ya ajali, tukiwa angani, mikono yangu ilianza kutetemeka. Jasho likanitoka mgongoni. Kapteni aliona. Akasema, "Naongoza mimi," nikaachia, akatua taratibu. Akazima injini. Akaniuliza nini kimetokea.

Alikuwa amekaa karibu nami, bega kwa bega. Hakukuwa na mtu mwingine. Ningeweza kumwambia palepale, waitu, jamani! Neno moja tu...

Nikamwambia ni woga.

"Woga si dhambi," alisema. "Mwenye woga anasikiliza. Nenda kapumzike." Nikashuka, nikaenda kwenye gari langu, nikanywa soda mbili kwa kujificha kama mlevi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Kapteni alikuwa na mizani bandani. Helikopta ile ndogo inahesabu kila kilo: wewe, mwalimu, mafuta, hata mkoba. Alikuwa ameniambia nimeongezeka, na kwamba nisipopungua kilo chache itabidi turuke na mafuta kidogo na masomo yatakuwa mafupi. Hakunilaumu, alisema kwa upole. Lakini mimi kiburi kiliniuma. Siku mbili nikawa nakula kama ndege. Asubuhi ya siku hiyo mke wangu alikuwa ameweka uji na ndizi mezani. Nikamwambia nitakula Muleba kwa rafiki.

Na vidonge nikameza kama kawaida. Mtu wa kisukari anajua maana yake... Unameza dawa ya kushusha sukari, halafu huweki kitu tumboni. Nilijua! Nilikuwa nimeelekezwa kliniki tangu mwaka wa kwanza. Niliendesha gari nikapita Kemondo, nikapita Muhutwe, tumbo tupu, nikiimba.

Nikapanda mizani. Kilo zilikuwa zimepungua. Kapteni akanipiga bega, akafurahi. Kisha akasimama mbele yangu.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umemeza dawa yoyote?"

"Sijameza, Kapteni."

Tukapanda.

Zoezi la siku hiyo lilikuwa la kusimama hewani, chombo kikiwa kimetulia mahali pamoja, kimo cha mgomba mrefu kutoka chini. Asiyejua anadhani hilo ndilo rahisi. Hapana! Mkono mmoja unashika fimbo ya kuongozea, mwingine unashika wenzo wa kupandisha na kushusha, miguu iko kwenye pedali, na vyote vinataka kusogea kidogo kidogo kila wakati. Ukivuta kwa nguvu kitu kimoja, umeharibu vyote.

Mwanzo nilifanya vizuri. Kisha nikaanza kusikia baridi. Jasho likaanza kunitiririka usoni. Majani ya rweya yakawa mawili mawili. Nilimsikia Kapteni akiniuliza jambo, nikataka kujibu, ulimi ukawa mzito. Sikuogopa, na hilo ndilo la ajabu. Niliona hasira tu. Hasira dhidi ya nani? Sijui. Mikono yangu ikakaza.

"Naongoza mimi," alisema.

Sikuachia.

"Naongoza mimi! Achia! Baba Asimwe, achia!"

Sikilizeni, wasomaji wenzangu. Watu wengi wameniambia kwamba sikuwa na akili zangu saa ile, kwamba sukari ikishuka mtu anaweza hata kupigana na mkewe asijue. Ni kweli. Lakini sauti yake niliisikia. Niliisikia na sikuachia. Nilivuta wenzo juu kwa nguvu zangu zote. Helikopta ikaruka juu ghafla, ikayumba, nami nikang'ang'ania fimbo kama mtu anayenyang'anywa mali yake. Kapteni alipigana na mikono yangu. Yeye ni mwembamba, mimi ni mtu wa kubeba mifuko ya saruji...

Tukalala upande. Upande wake.

Mlio wa mapanga yakipiga ardhi siwezi kuueleza. Vipande vilirushwa mbali. Kisha kimya, na harufu ya mafuta.

Waliookoa maisha yetu ni akina mama waliokuwa wakikata nyasi za kutandaza migombani. Hawakuogopa kwamba mafuta yangeshika moto. Mmoja alikuwa akipiga kelele za kumlilia mama kwa Kihaya, "Mawe! Mawe! Watu wanakufa!" huku anavuta mlango. Mimi walinitoa kwanza, kwa kuwa nilikuwa juu. Kapteni alikuwa chini, mguu wake wa kushoto umebanwa chini ya bati la helikopta, damu imemjaa usoni. Walimtoa kwa majembe na mapanga ya shambani. Walitufunga kwenye machela ya miti na khanga zao wenyewe, wakatukimbiza mpaka barabarani, wakasimamisha pikapu iliyotupeleka hospitali.

Mimi nilikuwa na mkwaruzo begani. Basi. Muuguzi alinichoma kidole, akasoma kipimo, akashtuka. Akaninywesha maji ya sukari, na baada ya muda dunia ikarudi mahali pake. Akaniuliza, "Mzee, una kisukari?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamshika mkono. "Sista, nakuomba, iwe siri."

Alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Akautoa mkono wake polepole. "Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, mzee. Mimi sitasema. Ila wewe unaweza kusema."

Kwenye chumba cha pili walikuwa wanamkata Kapteni mguu.

Siku chache baadaye wakaja wakaguzi wa ajali. Wakaniuliza kilichotokea. Nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba Kapteni hakumbuki kitu. Alikuwa amepigwa kichwani, na kumbukumbu zake ziliishia kwenye mizani, pale aliponipiga bega. Kwa hiyo mtu pekee aliyejua ni mimi.

Nikasema nilikuwa nimesimamisha chombo vizuri, kimetulia, kisha Kapteni akaninyang'anya ghafla, kwa nguvu, bila kusema neno. Labda alishtushwa na kitu, nikasema. Labda umri... Wakaniuliza kuhusu afya yangu. Nikawaonyesha karatasi ya daktari, safi, yenye muhuri.

Niliongeza lile neno "umri" mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza!

Kapteni akapoteza kibali cha kufundisha. Miaka thelathini na zaidi hakuwahi kumkwaruza abiria, na kazi yake ikaishia kwenye sentensi niliyoitunga nikiwa nimelala kitandani.

Nikawa naenda kumwona Rubya. Nilijiambia ni utu. Nilibeba mchele, sukari, mafuta ya kupikia. Mkewe, Ma Yustina, alinipokea kama ndugu na kunipakulia ndizi. Watu wa Rubya walinisifu: tazama mtu mwema, nusura afe kwa sababu ya yule mzee, na bado anamletea chakula!

Siku moja nilikwenda na mke wangu. Kapteni alikuwa amekaa barazani, magongo yameegemezwa ukutani. Alituomba tukae. Akamwita Ma Yustina naye akae. Kisha akainamisha kichwa.

"Baba Asimwe, nimelitafuta jambo hili kichwani sijaliona. Lakini wewe ulikuwepo na umesema. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Nilipewa mtu mzima, daktari amempitisha bila doa, hana ugonjwa hata mmoja, nikakaribia kumrudisha kwa mkewe akiwa maiti. Mama Asimwe, nisamehe. Baba Asimwe, naomba unisamehe."

Alikuwa analia. Mzee wa miaka sitini na mbili.

Unajua nilifanya nini? Nilimshika bega nikasema, "Nimekusamehe, Kapteni. Ni mambo ya Mungu."

Nikasema hivyo! Kinywa hiki hiki ninachokulia. Ningeweza kunyamaza tu. Lakini nilimsamehe, tena kwa sauti ya upole kama ya padri, na Ma Yustina akanishukuru kwa Kihaya, "Kasinge, waitu," akipiga magoti.

Nilipogeuka nilimwona mke wangu. Alikuwa ananitazama kama mtu asiyenifahamu.

Ndani ya gari hakusema kitu mpaka tulipoipita Muhutwe. Kisha akauliza, "Kapteni hajui kama una kisukari?"

Nikanyamaza.

"Na daktari?"

Nikanyamaza.

"Ile asubuhi ulikula?"

Nikasimamisha gari pembeni ya barabara. Nikamweleza yote. Nilitegemea atalia, au atanitukana. Hakufanya lolote. Alisema tu, "Mimi sitakwenda kusema. Na usidhani nakulinda. Uongo ni wako, nenda kauseme mwenyewe." Tangu siku hiyo alihamia chumba cha watoto. Asubuhi aliniwekea uji mezani, akasimama mlangoni mpaka nimalize, kisha akaenda shuleni bila kuniaga.

Mngedhani hapo nilikwenda kusema. Sikwenda! Miezi mitano ikapita. Kila mwezi nilijiambia mwezi ujao. Msimu wa senene ulikuja ukaisha. Nilikuwa nimepata ufundi wa kuishi na jambo hili... mchana nauza duka, Jumapili nakaa kiti cha nyuma kanisani.

Aliyenivunja ni Kemilembe.

Kemilembe ni binti wa mwisho wa Kapteni. Alikuwa anasomea urubani, ameshafika katikati, na baba yake alikuwa akimtaja kila mara kwa fahari. Nilimkuta Rubya amekaa jikoni na mama yake anamenya ndizi. Nikamuuliza likizo inaisha lini. Akasema hakuna likizo, ameacha chuo.

"Kwa nini?"

"Baba ameniomba niache," alisema, bila kuinua macho. "Anasema kama yeye, pamoja na uzoefu wote ule, mikono yake ilimsaliti bila yeye kujua, basi hawezi kulala akijua mimi niko juu. Anasema labda ni kitu cha damu yetu."

Nilitoka jikoni.

Kapteni alikuwa nyuma ya nyumba na ungo wa maharage mapajani, anachambua mawe. Alikuwa amezoea kusema kwamba mikono yake inataka kazi. Nikasimama mbele yake. Sikukaa. Nikaanza kwa fomu ya daktari, nikamalizia kwa neno "umri". Sikuruka kitu.

Alikuwa ameacha kuchambua.

"Kwa hiyo," aliuliza taratibu, "mikono yangu haikukosea?"

"Haikukosea, Kapteni."

"Nilisema achia?"

"Ulisema mara mbili. Nilikusikia."

Ungo ukamwanguka, maharage yakatawanyika chini. "Yustina!" aliita kwa nguvu. "Yustina, njoo! Kemilembe! Njooni msikie! Sikukosea mimi! Nilisema achia! Nilisema!" Alikuwa analia na kucheka pamoja, anatafuta magongo yake bila kuyaona ingawa yalikuwa karibu naye. Mkewe alikuja mbio akidhani ameanguka. Binti akaja na kisu cha kumenyea mkononi. Akawaambia, akarudia, akarudia tena, kama mtu aliyetoka gerezani.

Mpaka leo nikikumbuka furaha ile, naumia kuliko ninapokumbuka ajali. Nilikuwa nimeificha furaha hiyo kwa mwaka mzima na zaidi, na ilikuwa inataka maneno machache tu kutoka kwangu!

Kisha akatulia. Akanigeukia.

"Ulikuwa unakaa hapo," alisema, akionyesha baraza. "Unakula chakula cha mke wangu. Nikakuomba msamaha, ukanipa."

Akayapata magongo yake, akaendelea.

"Kisukari si kosa. Ningekutafutia njia. Nimefundisha watu wenye matatizo yao, wakanieleza, tukajua la kufanya, na wengine niliwaambia hapana, wakashukuru. Mguu nao ningekusamehe, maana kazi yetu ina hatari na niliijua. Lakini haya mengine..." Akatikisa kichwa. "Nenda kaseme kule ulikosema uongo. Na ukishasema, usije hapa mpaka nikuite."

Kemilembe alinipisha nipite. Hakunitazama.

Nilikwenda. Niliandika maelezo mapya, nikatia sahihi, nikaambatanisha kadi yangu ya kliniki. Niliitwa, nikahojiwa, nikaonywa kwamba suala langu halijaisha, na mpaka ninapoandika hapa bado naitwa. Silalamiki. Kapteni aliandikiwa barua ya kumsafisha. Nasikia ameiweka kwenye fremu sebuleni. Watoto wangu niliwaambia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Mkubwa wangu alikata simu, akakaa wiki tatu bila kunipigia. Bodaboda wa Kashai hawanipigii honi tena. Mke wangu amerudi chumbani kwetu, lakini kuna mambo ambayo hatuyaongei, na sijui kama tutawahi kuyaongea.

Mwezi uliopita Kemilembe alikuja dukani. Nilishtuka, nikamwachia msaidizi wangu mteja niliyekuwa naye. Alitaka mabomba ya chuma na skrubu, ya kumtengenezea baba yake mahali pa kujishikia ukutani kuelekea bafuni. Nikamchagulia yaliyo mazuri kuliko yote. Nikamwambia achukue tu, asilipe.

"Baba amesema nilipe," alijibu. Akalipa. Nikamfungia mzigo kwa kamba. Alipofika mlangoni akasimama, akasema bila kugeuka, "Jumatatu narudi chuoni." Akaondoka.

Hilo ndilo jema pekee lililotoka kwangu katika mkasa huu, tena lilichelewa.

Wasomaji wenzangu, sisemi msijifunze kurusha helikopta. Ni jambo zuri, na mwalimu niliyempata alikuwa mzuri kuliko nilivyostahili. Pengine wewe hujifunzi kurusha chochote, unajifunza kuendesha lori, au boti ziwani. Nakuomba ujue kwamba ugonjwa wako unaouficha unapanda na mwenzako. Mizani haiuoni, hata mwalimu akikutazama machoni hauoni, kama wewe mwenyewe hutaki uonekane. Kula. Lala. Mwambie daktari kila kidonge unachomeza, na akisema hapana, rudi nyumbani ukiwa na heshima yako. Mimi niliogopa aibu ndogo ya kukataliwa na daktari, nikajinunulia hii ninayoibeba sasa kila ninapopita mitaani Kashai.

Na kama umekwisha kukosea, ukamwacha mtu asiye na hatia abebe kosa lako, usimpelekee mchele na sukari kama nilivyofanya. Mpelekee ukweli, leo, kabla hajaanza kuuamini uongo wako.

Kama kuna mtu anayesoma haya huku karatasi yake ya daktari imeandikwa uongo, na kesho ana somo... namwomba asiende. Ampigie mwalimu wake sasa hivi, amwambie.